Feza ya Muguu ya Kyungu

Kapata, tarehe 13 Februari 1983

Kwako Yaya Mwamba, kaka yangu mukubwa,

Hii barua ikukute na nguvu, wewe na bwifi yangu Godelieve na batoto, na Mama mbele ya bote. Sisi huku Kapata ya Kolwezi tunapumua, na mutu mwenye kupumua hakosi neno ya kumwambia Mungu. Mutoto yetu Elise anasoma vizuri, ni biatu tu binamukatalia, miguu inakomaa kuliko akili. Ku kanisa, bamama ba Kipendano balinipa kazi ya kutembelea bagonjwa. Nilicheka, nikabauliza: mi mwenye mugonjwa mu nyumba, munanituma kwa ba bengine? Balijibu: njo wewe unajua njia.

Bon, maneno ya nyumba. Bwana yangu Kyungu alitoka lopital. Muguu ya kushoto, ile jiwe ilivunja kule mu shimo ya kampuni, balikata chini ya goti, nilikuambia mu barua ya Noeli. Sasa eko muzuri. Anakaa ku baraza, anachonga mipini ya majembe, anasalimia kila mutu mwenye kupita, hata bale hakupenda zamani. Kampuni imetuachia nyumba kwanza.

Na nilitaka ujue kitu moja, juu nilikusumbua nayo sana. Makaratasi ya ajali imekwisha. Serikali iko na Sanduku yake juu ya batu balioumia ku kazi. Kampuni inaweka feza mule kila mwezi, mbele mutu hajaumia, na siku anaumia, Sanduku njo inamulipa, si kampuni tena. Banaita rente. Kila mwisho ya mwezi, mpaka mwenyewe anakufa. Mi nilizani ni maneno ya midomo. Mais kumbe ni kweli: mwezi ulioisha tulienda, yeye na magongo yake, mi na kiti juu ya kichwa, juu kule hakuna fasi ya kukaa. Baliita: « Citoyen Kyungu! » Akaweka kidole mu wino, sawa bote hata benye kujua kusoma, akapokea. Si mingi, Yaya. Ni bunga, mafuta, sabuni, na bandeji yake. Mais ni yake. Mu njia ya kurudi akaniambia: « Mbuyu, leo muguu yangu imeenda ku kazi peke yake. »

Nililia kidogo, akanicheka.

Uniandikie habari ya Mama. Ile tumbo yake ilitulia? Umushikie mukono juu yangu.

Mudogo yako,
Mbuyu


Lubudi, tarehe 27 Machi 1983

Kambo yangu Mbuyu,

Nitakuita hivi mpaka kufa, juu jina ya mama ya Tata, baba yetu, ilikuangukia wewe, na mi kaka mukubwa nikabakia mujukuu yako. Tuko wazima. Mvua ilinyesha na adabu, mahindi imesimama mpaka ku reli. Godelieve anakusalimu sana. Mama anakusalimu. Anakula. Meno tu njo inamusumbua.

Nilifurahi na habari ya Sanduku. Sasa sikiliza, na usome na Kyungu karibu.

Huku eko Mugreki moja anarudi kwao. Anauza mulin yake ya kusaga mahindi, na motere yake. Batu ba Lubudi banatwanga mu kinu mpaka mabega inaisha. Mwenye kushika ile mulin hatakosa kula. Niliuliza Tata Badibanga, karani ya gare ya treni, mutu ya kusoma. Alisema: mutu ya rente anaweza kuomba Sanduku imupe yote mara moja, kama anaonyesha kazi yenye kuzaa feza. Juu ya maneno ingine banakataa, mais juu ya kazi kama mulin banaweza kukubali.

Dada yangu, sikupenda kuandika hii, lakini naandika. Kyungu alibakisha mali yako ya ndoa, hakumaliza kulipa. Mbuzi sita na bunduki. Tata alikufa akiulizia ile bunduki. Mi sikuenda kumugongea mulango hata siku moja, nilisema: siku itakuya. Sasa imekuya. Akitoa hii, nitasimama mbele ya ukoo yote niseme: Kyungu amelipa, dada yetu ni bibi ya mutu, hana deni.

Usichelewe. Hii ni maneno ya mbio.

Kaka yako,
Mwamba


Kapata, tarehe 8 Mei 1983

Yaya Mwamba,

Amani ya Bwana ikae mu mulango yako. Barua yako ilifika siku ya Pasaka yenyewe. Mi njo nilichelewa, unisamehe. Kila mara nilishika kalamu, kalamu ilikuwa nzito.

Nilimusomea Kyungu. Kufika ku maneno ya bunduki nilitaka kuruka, mais anajua sauti yangu ikiruka. « Rudia pale. » Nikarudia. Alichonga mupini yake mpaka moto ikazima mu mbabula. Kisha akasema: « Kaka yako ana haki. Nilioa dada yake nusu. »

Basi tulienda ku Sanduku. Ku dirisha eko bwana moja anaitwa Mukalay, mutu ya miwani, hana haraka hata nyumba ikiungua. Kyungu alimuambia: « Citoyen, nataka feza yangu yote, nanunua mulin. »

« Mulin iko wapi? »

« Lubudi. »

« Na wewe unalala wapi? »

« Kapata. »

« Nani atasaga? »

« Shemeji yangu. »

« Na mwezi shemeji anakosa kutuma? »

Kyungu akakasirika: « Huyu ni kaka ya bibi yangu! »

« Njo maana nilikuuliza, » akasema Mukalay. Batu ba nyuma balicheka. Nilisikia haya, Yaya, juu balikucheka wewe na habakujui.

Kisha alitoa miwani, akazungumuza na mi polepole, sawa pasta. Alisema: « Mama, hii feza, mudai akikuya na polisi, hapati. Kampuni haiigusi. Hakimu haiigusi. Serikali ilifunga milango yote. Moja tu ilibakia: nyinyi wawili munaingia, munasema tunataka yote. Tena muke lazima asaini pamoja na bwana, juu bwana akikufa, kipande inabakia ya mujane na batoto. Mukisaini, kesho musirudie kulia. Dirisha ya kurudisha haiko. »

Kwa kutoka, tulikuta Tshilombo. Unamukumbuka, ule Mukasai mwenye sauti, balifanya kazi pamoja na Kyungu. Mashine ilikula mukono yake. Anauza sigara moja moja ku kiambazi ya biro ya Sanduku. Yeye alichukua yote, akafungua buvette ya kuuza pombe, na radio kubwa, na batu kila mangaribi. Aliposikia maneno yetu alipiga kicheko: « Mama Mbuyu, barafiki yangu balikunywa mukono yangu! Chupa kwa chupa! Kwanza kiwiko, kisha vidole. Balinibakishia kucha, njo hizi sigara. » Kyungu alicheka naye. Mi hapana.

Kyungu anataka kusaini. Mi naomba siku za kupiga magoti. Usikasirike.

Na meno gani inamusumbua Mama? Siku niliacha Lubudi alikuwa na mbili.

Mbuyu yako


Lubudi, tarehe 30 Mei 1983

Kambo Mbuyu,

Tunakusalimia bote.

Ule bwana ya dirisha anicheke tu, haina neno. Aniite hata mwizi, mais akubali. Mugreki amepata mununuzi mwingine, ya Kamina. Siku zinaisha, Mbuyu. Ungelijua namna zinaisha.

Wewe unaniletea Tshilombo. Mi si Tshilombo. Mi ni mutu alibeba sanduku yako ya ndoa ku kichwa mpaka gare, na treni ilikuwa inatembea, nikakimbia nayo, nikakurushia mu dirisha. Tangu ile siku nilikuomba nini? Sema. Chumvi? Kiberiti?

Mama eko Likasi kwa mama mudogo Mbayo, alienda kupumzika. Usimuandikie kule, barua zao zinapotea.

Tena usiniulize mingi. Tangu vita ya Kolwezi barua zinafunguliwa mu njia, unajua. Maneno ya feza ya Serikali haichezewi ku karatasi. Nikikuambia ni mulin, ni mulin. Saini.

Mwamba


Kapata, tarehe 26 Juni 1983

Yaya yangu,

Nilifunga kula siku tatu, nikaomba, nikaenda kwa pasta, nikarudi, nikaomba tena. Nilitaka Mungu aniambie kitu ingine. Hakuniambia.

Sisaini.

Nimeiandika peke yake hapo juu, juu nikiiweka katikati ya maneno ingine ningeliificha, na wewe si mutu ya kufichwa. Kuna mashine ya kusaga inavunjika, kuna mvua inakosa, kuna ndugu ba Godelieve benye kukuya kusaga bila kulipa, na wewe hauwezi kubakatalia, ninakujua. Shamba ikikufa unalima ingine. Mais muguu haioti, Yaya. Kyungu aliuza muguu yake mara moja, na bei yake inakuya kidogo kidogo juu tusiimeze. Ukiniuliza juu ya nini Serikali yetu, yenye kusahau mingi, ilikumbuka kufunga hii moja, sijui. Mais imefunga, na mi sitakuwa mwenye kuleta ufunguo.

Kyungu amenikasirikia. Anasema nimemufanya mutoto mbele ya bashemeji. Analala akiangalia kiambazi. Nikimupa bukari anakula nusu, anasukuma sahani. Ile njo bei nalipa, usizani nakaa muzuri.

Juu ya mali: ukuye uchukue mashine yangu ya kushona. Ni Singer, inatembea. Si mbuzi sita, mais ni jasho yangu, na ukoo itaona sikatai deni.

Neno ya mwisho, na unijibu hii hata kama unaacha zote. Mama alienda kupumzika? Mu wakati ya kuvuna? Mama mwenye alituzaa na akarudi ku shamba mbele kitovu haijakauka? Tangu lini Mama anapumzika? Kama iko kitu, Yaya, sema. Acha baifungue barua, baisome, hata balie nayo. Kama iko kitu ingine, jibu yangu ni ingine. Kama ni mulin, basi ni mulin, na jibu ni hapana.

Mi dada yako,
Mbuyu


Kapata, tarehe 21 Agosti 1983

Yaya Mwamba,

Sijapata neno yako. Nilisema pengine barua yangu ilipotea, kisha nilisema hapana, ile ya kukataa haipoteagi. Nampa hii kondikta ya treni, bwana ya jirani yetu Fidélie, yeye anapita Lubudi kila juma, atakutafuta.

Mu hii paketi iko kitenge ya Mama. Ni ya rangi ya udongo na maua meupe, hapendi yenye kupiga kelele. Nilishona blauzi yake na kipimo ya zamani. Kama alikonda, Godelieve atapunguza ku mbavu.

Huku tuko muzuri. Kyungu eko muzuri. Anapenda kukaa ndani siku hizi, juu ya vumbi ya ile shimo ya kampuni, Mashamba, banapasua mawe kila adui... ona, nataka kuandika adhuhuri, mukono inaandika adui. Nimechoka kidogo tu.

Unitukane, mais uandike.

Mbuyu


Lubudi, tarehe 11 Septemba 1983

Kwa Mbuyu,

Kitenge ilifika.

Ukoo ilikaa. Ilisema hivi: mukwe mwenye hajamaliza mali hana kiti kwetu, kwa furaha ao kwa kilio, na muke anafuata kiti ya bwana yake. Mashine ya kushona bakia nayo.

Mulin iliuzwa kwa batu ba Kamina.

Mwamba


Kapata, tarehe 16 Oktoba 1983

Yaya Mwamba,

Barua yako ni fupi, nimeisoma mara mingi kuliko zote. Haukuandika kambo. Haukuweka salamu ya Mama. Na uliandika kilio. Kilio gani, Yaya?

Sasa mi nitatoa yangu mbele, labda utatoa yako. Nilikudanganya. Kyungu hayuko muzuri. Ile kidonda haikukauka hata siku moja. Mwezi ya saba balimukata tena, sasa ni juu ya goti. Niliandika « eko muzuri » juu nilikuogopa. Nilisema Mwamba akijua Kyungu anaoza, atasema tusaini mbio mbele hajakufa. Unaona mawazo mubaya nilikuwa nayo juu yako. Unisamehe. Niko nasafisha kidonda asubui na mangaribi, njo maana sikuweza kupanda treni nikuye nione na macho.

Tena feza ilianguka, unajua. Rente ni ileile, mais ile ilikuwa inanunua mufuko ya bunga, sasa inanunua nusu mufuko. Mukalay ku dirisha aliniambia: « Mama, nalinda feza na kufuli, panya yenye kuikula ndani sikuambiwa kuikamata. » Hakucheka.

Jana Fidélie alikuya kunisaidia kupepeta. Akasema, bila kuangalia usoni yangu: mwezi ya tano, bwana yake aliona ku gare ya Tenke batu babili banabeba mwanamuke muzee ku kiti, tumbo yake imevimba sawa ngoma, na mumoja ya bale alikuwa wewe. Nilimuambia: Fidélie, unasema uwongo. Alipepeta tu.

Yaya. Kama mulin ilikuwa Mama, ungelisema. Nilikuuliza na kalamu yangu. Kama eko mu lopital, kama dokta anangojea feza, nasaini kesho. Nilimuambia Kyungu. Alivaa kiatu. Yake ni moja, inavaliwa mbio. Anakaa sasa ku kitanda na kiatu yake, ananingojea nimalize hii barua.

Niambie.

Mbuyu


Lubudi, tarehe 6 Novemba 1983

Mbuyu,

Kyungu atoe kiatu.

Mama mudogo Mbayo eko hapa, amekaa mbele yangu, amesema haondoki kama siandiki. Yeye njo anasukuma hii kalamu.

Mama alikufa tarehe 19 Agosti, Likasi, asubui. Tulimurudisha na treni ya mizigo, tukamuzika hapa, mu makaburi yenye Tata eko. Kitenge ilifika tumekwisha kuzika. Godelieve aliishika, akatoka nayo inje, sikumuuliza.

Ilikuwa kitu mu tumbo. Dokta alisema anaweza kupasua, mais Lubumbashi, na feza iwe mukononi mbele. Ile wakati njo niliandika barua ya mulin. Mugreki alikuwa wa kweli, mulin ilikuwa ya kweli, mi sikuitaka. Badibanga alisema Sanduku haitoi juu ya ugonjwa ya mama mukwe, inatoa juu ya kazi. Nikasema: dada yangu akijua ukweli, ku dirisha uso yake itasema, hajui kudanganya. Na Mama alinikatalia. Alisema: « Mbuyu eko na mugonjwa moja mu nyumba, usimuwekee wa pili. » Nilimuapia. Njo vile nilikuwa na midomo mbili zimefungwa.

Haukuuliza kama angeliishi. Nitakuambia mbele haujauliza: dokta hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Nimemaliza miezi nataka kukuchukia na ile hapana hakusema.

Ya kusema iliisha, mais Mbayo anakataa. Anasema nikuandikie siku ya barua yako ya Juni.

Ilifika Lubudi, niliichukua mpaka Likasi, nikaisoma pembeni ya kitanda. Nilikuwa na hasira, nilisoma kwa nguvu juu Mama asikie mutoto yake ni nani. Nikafika « muguu haioti ». Mama alianza kucheka. Alikuwa hana nguvu ya kucheka, alishika tumbo. Akasema: « Mwamba, soma tena pale. » Nikasoma. Akasema: « Huyu nilizaa na kichwa. Muache. » Kisha akaniambia nikujibu, nikuambie ameshukuru.

Sikukujibu. Na siku ya kilio, mi njo nilisema mu ukoo usiitwe. Wazee bangelikubali ukuye peke yako. Ni mi.

Imetosha.

Mwamba


Kapata, tarehe 1 Desemba 1983

Yaya Mwamba,

Barua yako ilifika mu juma ya pili ya Novemba. Kyungu aliisoma yeye, juu mi nilisoma mustari moja nikamupa. Alisoma yote kwa sauti, hakuruka hata fasi ya kiatu. Kisha akatambaa mpaka chini, akakaa pamoja na mi ku sakafu, na hatukupika. Bamama ba Kipendano balikuya kuomba na kuimba. Nilibauliza kama banaweza kunyamaza tu. Balinyamaza. Balikaa na mi mpaka jua ikaingia. Sikujua kama bamama benye kuimba sana vile banajua kunyamaza muzuri.

Salamu kwa Godelieve, na kwa mama mudogo Mbayo, umuambie nashukuru mukono yake juu ya yako.

Sitasema nilikosa. Sitasema pia nilifanya vizuri. Ile kinywa sina. Nimemuuliza Mungu mara mingi, na sasa ananinyamazia sawa wewe ulininyamazia. Nangojea. Usiku nasikia Mama anacheka, na sijui kama ninaomba nisisikie ao nisikie tena.

Jana ilikuwa siku ya rente. Tulienda. Kyungu aliweka kidole, Mukalay alihesabu, hakuna mutu alitugusa mu njia. Nilizoea kupita moja kwa moja ku duka ya bunga. Jana nilipita ku gare. Nilinunua tiketi mbili mpaka Lubudi. Ilibakia ya bandeji na ya mukate, Elise atalala kwa Fidélie.

Tutashuka siku ya posho, jumamosi tarehe 10. Tunakuya bila mbuzi, bila bunduki. Kyungu anasema atakaa chini, kiti haina lazima. Kama ukoo haitaki tuonekane ku kiwanja, hatutapita ku kiwanja. Kama wewe hautaki kukuya ku gare, usikuye, Yaya, sitakuandika mubaya. Tutatembea polepole, juu magongo inazama mu muchanga ile upande ya makaburi.

Kaburi ya Tata naijua. Ya Mama, nitauliza batu benye balimuzika.

Mbuyu